Shairi la Mwanamke wa Kigodani

Mtu akikuambia kuwa mapenzi hufa polepole, mwambie hayajui ya Pini. Ya Pini yalikufa saa kumi kasorobo alasiri, sebuleni kwao, mbele ya watu watano na sahani ya biskuti, kati ya ubeti wa kwanza na ubeti wa pili. Na aliyeyaua alikuwa kasimama pale pale, kavaa suti ya kijivu, kapendeza kuliko siku zote.

Mtaa mzima ulimwita Mtangazaji kwa sababu ndiyo kazi yake. Asubuhi husoma taarifa redioni, mchana husoma salamu za wasikilizaji. Ana sauti ile ambayo akitamka tu kwamba mvua inatarajiwa, wanawake wanaanua nguo hata kama jua linachoma. Miaka mitatu Pini alikuwa akiisikiliza sauti hiyo kwenye redio ndogo ya karakana ya baba yake, misumari midogo kaibana midomoni, nyundo mkononi, akitengeneza fremu za picha za watu. Hiyo misumari ya midomoni ndiyo iliyompa jina. Ni mdogo wa umbo, mwembamba, na akishaingia mahali kumng'oa ni kazi.

Hii ilikuwa mara ya tatu Mtangazaji kuja kumposa. Baba yake Pini, ambaye watu wote humwita Fundi, hakuwa mtu wa kudai makubwa. Alikuwa na jambo moja tu, na jambo hilo lilishawafukuza wachumba wawili kabla ya huyu. Mchumba akija, Fundi humketisha kwenye kiti kilichoelekea picha iliyo ukutani, ile ambayo marehemu mkewe alijichora mwenyewe, kisha humuuliza, "Unaona nini?"

Picha yenyewe si kubwa. Mwanamke amekaa kwenye kigoda, katupa mgongo, anatazama dirishani huku anajifuta mikono kwa kitambaa cheupe. Basi. Lakini Pini amekua chini ya picha ile, ameugua homa akiitazama, amefaulu na kufeli mitihani akiitazama, na kwake hakuna kitu cha thamani kuishinda katika nyumba nzima.

Mara ya kwanza Mtangazaji alijibu, "Picha nzuri, mzee." Mara ya pili alijibu, "Mwanamke anapumzika." Mara zote mbili Fundi alimwambia aende, arudi siku atakapokuwa na neno. Leo alirudi na mama yake, ambaye ni mkunga mstaafu, na mjomba wake kwa ajili ya kumsemea, na neno alikuwa nalo. Alisimama, akafunga kifungo cha koti, akakohoa kidogo kama anavyokohoa kabla ya taarifa ya saa, akaanza:

*Yu kigodani kakaa, mgongo katupatia,*
*Na jua nje linang'aa, mikono ajifutia,*
*Na rangi zilizojaa, kitambaa zaingia,*
*Atageuka, mpenzi, akiitwa kwa upole.*

Pini alikuwa ameshika birika. Aliliweka chini taratibu.

Shairi lilikuwa lake. Aliliandika miezi miwili nyuma, kwa penseli ya karakana, kwenye kipande cha ile karatasi ya kaki wanayobandika nyuma ya picha. Aliliandika kwa wiki tatu, akahesabu mizani kwa vidole, akafuta mpaka karatasi ikatoboka. Alimpa Mtangazaji peke yake, tena kwa aibu, kama mtu anayeonyesha kovu. Mtangazaji alilisoma akiwa amesimama, akasema, "Zuri, kipenzi," akalikunja akatia mfukoni. Pini alisubiri aulizwe swali. Lilikuwamo jambo moja ambalo mtu yeyote mwenye masikio angeuliza. Hakuulizwa, na kwa kuwa alikuwa anampenda, alijiambia kuwa mwenzake amechoka na kazi.

Sasa maneno yale yalikuwa yanatoka kwenye kinywa cha mwanamume aliyekwisha kula biskuti tatu. Kulikuwa na chembe moja kwenye kona ya mdomo, nayo ilicheza kila alipofika kwenye vina. Pini alijisikia kama mtu aliyeingia bafuni akakuta mswaki wake uko mdomoni mwa mgeni, na mgeni anaufyonza huku anamtabasamia. Na kile kituo, mstari wa mwisho wa kila ubeti, alikuwa amekibadilisha. Pini hakuandika kwamba mwanamke atageuka. Aliandika:

*Hageuki, hageuki, mgongo ndilo jibule.*

Mtangazaji akaingia ubeti wa pili, akaishusha sauti kama anavyoishusha kwenye matangazo ya vifo:

*Na vidole mlangoni, mwimoni vyang'ang'ania,*
*Havijui viombeni, havithubutu kungia,*
*Vya nani? Sijabaini, uso umejifichia,*
*Atageuka, mpenzi, akiitwa kwa upole.*

Fundi, aliyekuwa kafumba macho tangu mwanzo, aliyafumbua. Kikombe kilisimama njiani kuelekea mdomoni. Beti mbili zilizobaki zikasomwa zote kikombe kikiwa hapo hapo hewani, na zilipokwisha, machozi yalikuwa yanamtiririka mzee wa watu mpaka kwenye ndevu.

"Usione vyaelea," akasema mjomba wa Mtangazaji, akipiga paja lake, "vimeundwa!"

Shangazi yake Pini, dada wa Fundi, aliyemlea Pini tangu mama yake alipofariki, alijifuta macho kwa pindo la khanga. Mama mkunga aliinamisha kichwa, akawa anamtazama mwanawe kwa namna ambayo haikuwa ya furaha wala ya huzuni. Na Mtangazaji, katikati ya machozi ya watu, alimgeukia Pini akamkonyeza.

Kukonyezwa kulikuwa kukimfurahisha Pini miaka yote mitatu. Kuna siku alikonyezwa hivyo barabarani akakosea njia ya kwenda kwao. Leo lile jicho lilipofumba na kufumbuka, aligeuza uso akatazama sahani ya biskuti.

"Kijana," Fundi akasema. Sauti ilikuwa nzito. "Hivyo vidole. Uliviona wapi?"

Mtangazaji aliitazama picha. Mwanamke, kigoda, dirisha, kitambaa. Hakukuwa na mlango wala kidole kingine chochote mle. Lakini mtu aliyezoea umeme kukatika katikati ya taarifa hakosi la kusema.

"Lile ni fumbo, mzee wangu. Mshairi huona yasiyoonekana."

"Huona yasiyoonekana," Fundi akarudia. Akasimama, akaitoa picha kwenye ndoano yake ukutani, akaikumbatia kifuani, akatoka nayo kuelekea karakana nyuma ya nyumba.

"Yamemgusa," mjomba akaeleza, kana kwamba kuna aliyemuuliza. "Mwacheni mzee apumue. Jibu tumeshalipata."

Pini alibeba birika akaingia jikoni. Haukupita muda, marashi yalitangulia na mwenye marashi akafuata.

"Pini wangu. Tumeshinda."

"Tumemshinda nani?"

"Baba yako amelia! Mtu aliyenifukuza mara mbili kama muuza mitumba, leo amelia mbele ya mjomba. Unataka nini tena?" Alinyoosha mkono kumshika kiuno. Pini alisogea, mkono ukashika kabati la vyombo.

"Futa mdomo," Pini akasema. "Una biskuti."

Alijifuta kwa kiganja, akacheka. "Umekasirika. Kwa sababu sikukuambia? Nilitaka iwe mshangao."

"Umenishangaza."

"Sasa?"

"Umebadilisha kituo."

"Nimekilainisha tu. Kipenzi, watu wamekuja kuposa, hawakuja kuzika. 'Hageuki, hageuki,' nani anataka kusikia hivyo siku ya heri? Mimi nawajua wasikilizaji. Msikilizaji anataka mwisho uwe mtamu."

"Kwa hiyo umemgeuza mama yangu shingo ili mjomba wako afurahi."

"Aa, Pini, usikuze mambo. Ni mstari mmoja." Aliegemea meza, mikono mfukoni, sauti akaipaka mafuta. "Nikuambie ukweli? Hii ndiyo kazi yangu. Taarifa inaandikwa na mtu mwingine, naisoma mimi. Umewahi kusikia mtu anauliza imeandikwa na nani? Watu wanaipenda sauti. Wewe una maneno, mimi nina sauti. Si ndiyo maana ya ndoa? Changu chako, chako changu."

"Changu umeshachukua. Chako kiko wapi?"

Mtangazaji alikuwa na habari iliyomwasha ulimi tangu aingie, na sasa hakuweza kuizuia tena.

"Sikiliza kwanza. Nililisoma redioni. Ijumaa iliyopita, saa ile uliyosema unakwenda kununua vioo. Pini, simu zililia mpaka mhandisi akachomoa waya! Bosi ameniita ofisini, amenipa kipindi. Nusu saa kila Ijumaa, mashairi ya mapenzi, mimi mwenyewe ndiye mtunzi na msomaji." Alimsogelea tena, macho yanametameta. "Kwa hiyo nahitaji moja kila wiki. Wewe kwako ni kazi ndogo, si unaandika huku unapiga misumari? Na yasiwe na huzuni huzuni. Mapenzi."

"Umewaambia ni la nani?"

"Nimewaambia limetungwa nyumbani," akasema Mtangazaji. "Si uongo."

Pini alimtazama. Hakukuwa na aibu yoyote pale usoni, na hilo ndilo lililomtia kinyaa kuliko yote. Angeiba huku anatetemeka, labda angemhurumia. Huyu alikuwa anang'aa. Ile sauti aliyoilalia na kuiamkia kwa miaka mitatu ilimfikia sasa ikiwa na mate ndani yake, anasikia ulimi unavyobanduka kwenye kaakaa na meno yanavyogongana. Akajiuliza aliwezaje kuubusu mdomo huu akausifu.

"Toka jikoni," akasema.

"Kipenzi..."

"Nataka kutapika. Sitaki kutapika mbele yako, utaenda kusimulia redioni."

Mtangazaji akatoka huku anacheka. Aliona ni utani wa wapendanao.

Mlangoni alipishana na Shangazi, ambaye kwa desturi yake alikuwa amesimama nje akisikiliza kwa muda wa kutosha. Shangazi alifunga mlango.

"Nimesikia," akasema.

"Najua umesikia."

"Kwa hiyo lile shairi ni lako."

"Lote. Isipokuwa pale alipoharibu."

Shangazi aliketi kwenye debe la unga lililokuwa tupu, akavuta pumzi. "Mwanangu, nikuambie jambo ambalo mama yako angekuambia kama angekuwapo. Kila mwanamume ana uvundo wake. Hakuna asiyenuka. Mwanamke mwenye akili anachagua ule atakaoweza kuuzoea. Wa mume wangu ulikuwa pombe. Huyu wako hanywi, hapigi, ana kazi, ana mama mwenye heshima. Amechukua maneno. Maneno, Pini! Si utatunga mengine? Heri nusu shari kuliko shari kamili."

"Shangazi, anataka nimtungie kila wiki mpaka nife."

"Na mimi nilipika kila siku mpaka mume wangu akafa. Kuna aliyeuliza chakula kile ni cha nani?" Shangazi alimshika mkono. "Una miaka thelathini na mmoja. Umemsubiri huyu mtoto wa watu, umelia kwa ajili yake kwenye mapaja haya haya. Leo baba yako amelainika mwenyewe. Meza mate, osha uso, rudi sebuleni."

Pini alimeza mate kweli, na yalikuwa machungu. Kilichomuuma ni kwamba Shangazi hakusema uongo. Alimlilia huyu mwanamume. Akirudi sebuleni akanyamaza, kabla ya jua kuzama atakuwa mchumba wa mtu, siku ya harusi itatajwa, na hakuna atakayejua kitu. Akisema, atakuwa ameivunja nyumba yake mwenyewe kabla haijapandishwa paa, kwa ajili ya beti nne. Moyo ulikuwa bado unavutavuta upande wa suti ya kijivu, na alijichukia kwa hilo.

"Nakwenda kumwona baba kwanza," akasema.

Karakana ilinuka gundi na vumbi la mbao kama kawaida. Fundi alikuwa ameilaza picha kifudifudi juu ya meza ya kazi, kabandua karatasi ya kaki ya nyuma, na kwa koleo alikuwa anakunjua misumari mmoja mmoja. Hakuinua kichwa.

"Hii misumari," akasema, "ilishawahi kufunguliwa. Nilipoifunga mimi, niliikunja kuelekea kulia. Sasa imelala kushoto yote. Kuna mtu wa mkono wa kushoto ameifungua akairudishia. Katika nyumba hii nawajua wangapi wa mkono wa kushoto?"

Pini aliangalia mkono wake. "Kioo kilikuwa na ukungu kwa ndani. Niliifungua nikasafisha, ulipokuwa umelala."

"Ukaona."

"Nikaona."

Fundi alimalizia msumari wa mwisho, akaitoa picha kwenye fremu yake, akaigeuza. Fremu ile ina mdomo mpana. Ilikuwa imemeza ukingo wa picha kwa upana wa vidole viwili, kushoto. Na pale kwenye ukingo uliofichwa, rangi ikiwa mbichi kuliko kwingine kwa sababu haijapigwa na mwanga tangu itiwe fremu, kulikuwa na mwimo wa mlango wa buluu, na vidole vinne vya mtu vimeushika.

"Yule kijana hajui vidole viko wapi," Fundi akasema. "Mtu aliyeviandika lazima alifungua fremu. Shairi ni lako."

"Ni langu, baba."

"Nililia kwa sababu nilidhani siku yangu ya kuumbuka imefika."

Pini hakuelewa. Alikaa kwenye kiti cha kupigia msumari, akamtazama baba yake, kisha akaitazama picha. Akauliza lile swali ambalo alitaka Mtangazaji amuulize yeye. "Ni vidole vya nani?"

"Vyangu."

Redio ndogo ilikuwa imezimwa, na Fundi alisubiri kidogo kama vile angetamani mtu aiwashe.

"Mama yako alikuwa anachora, mimi natengeneza fremu. Wateja walikuwa wanakuja wanauliza, nani kachora? Nikisema mke wangu, wanatabasamu, wanaondoka. Siku moja mmoja aliniuliza, umechora mwenyewe, fundi? Nikasema ndiyo. Nilisema kwa utani. Akainunua pale pale. Nikaweka jina langu kwenye kona. Basi nikaendelea kuweka."

"Ipi?"

"Zote. Zile za ofisini kule, zile za hospitali. Wakanialika wanipigie makofi, wakaniita msanii. Mama yako alikaa kiti cha nyuma kabisa, amekupakata, una miaka mitatu. Tuliporudi alijifungia siku mbili. Siku ya tatu nikausukuma mlango nikamkuta amekaa hivyo. Nikasimama mlangoni. Sikujua niseme nini. Hakugeuka. Akaja kunichora bila kuniangalia."

"Alikusamehe?"

"Aliendelea kuishi hapa. Chai yangu aliniwekea, nguo zangu alizipiga pasi, alicheka na wageni. Lakini mimi, miaka minane, mpaka anaingia kaburini, nilipewa mgongo hata akiwa ameniangalia."

"Na jina? Baada ya siku ile uliacha kuliweka?"

Fundi aliikusanya misumari mezani kwa kidole.

"Sikuacha," akasema. "Alichora mpaka mwisho. Niliweka mpaka mwisho. Hii tu ndiyo sikuiuza. Alipofariki nikaitia fremu, nikakata mdomo mpana ili nijifiche. Nikawaambia watu kwamba anapumzika."

Pini aliviangalia vidole vya baba yake vilivyo hai, vinene, gundi imekauka kwenye kucha. Vilimsuka nywele asubuhi ngapi baada ya msiba, vilimfundisha kushika nyundo. Alivipenda vidole hivi kuliko kitu chochote cha mwili wa binadamu. Na sasa alitaka avione vikienda kunawa, vinawe na kunawa, na hakuamini kuwa kuna sabuni ya kuvimaliza. Alijikuta amesimama, mgongo umegusa ukuta wa mbali.

"Ulikuwa unawaketisha wachumba wangu mbele ya picha," akasema polepole, "unawauliza wanaona nini. Baba, huo moyo uliutoa wapi?"

"Nilikuwa natafuta mmoja atakayemwona. Mimi sikumwona."

"Ulimwona. Ulimwona ndiyo maana ukamfunika."

Fundi aliinamisha kichwa. Hakujitetea, na Pini hakumpa nafasi ya kulia tena. Alishaona machozi ya kumtosha siku hiyo.

"Yule kijana," Fundi akasema mwishowe, "mimi sina mdomo wa kumhukumu. Ukisema unamtaka, nitakuoza, nitanyamaza. Ukisema humtaka, nitanyamaza pia. Neno ni lako."

"Ningekaa naye miaka mingapi, unafikiri, ndipo nimpe mgongo?"

"Mama yako hakuwa na pa kwenda," Fundi akajibu. "Wewe una mkono wa kazi."

Pini alirudi sebuleni mikono mitupu. Wote walimtazama. Mjomba alikuwa tayari amesogeza kiti mbele kwa ajili ya mazungumzo ya tarehe, na Shangazi, kwa kuuona uso wa Pini, akaanza kutikisa kichwa kidogo kidogo kumkataza.

"Wazee wangu, shikamooni tena," Pini akasema. "Naomba mniwie radhi. Lile shairi nimelitunga mimi. Yeye amelisoma. Na ile sehemu ya kwamba mwanamke atageuka, hiyo ndiyo yake, amtafute mwanamke wa kugeuka. Mimi siolewi naye."

Mjomba alicheka, kisha akaona hakuna mwingine anayecheka. "Binti, hayo ni mambo ya ndani. Chanda chema huvikwa pete, hatuwezi kuivua pete kabla ya..."

"Mwache," mama mkunga akasema. Alimgeukia mwanawe. "Ni kweli?"

"Mama, ni kitu kidogo..."

"Nimekuuliza ni kweli."

Mtangazaji akanyamaza. Mkunga yule alizalisha watu miaka thelathini na tano, anajua kimya cha namna ipi ni jibu. "Shule ya msingi, insha zako zilikuwa za dada yako," akasema. "Nilijua, nikasema ni utoto." Akachukua mkoba wake, akamsogelea Pini, akamshika bega, na hakumwomba lolote. Mjomba akamfuata nje akinung'unika kuhusu jua alilolipitia.

Pini aliwasindikiza mpaka kizingitini, maana adabu ni adabu. Mtangazaji alibaki nyuma. Suti ilikuwa ile ile lakini sasa ilimkaa kama ya kuazima. Alitazama nyuma kuhakikisha mama yake hasikii, kisha akamsogelea, karibu mno, na kwa mara ya kwanza siku hiyo sauti ilimkwama.

"Pini, nisikilize. Kipindi nitakiacha. Nitawaambia ni lako, Ijumaa hii hii, mbele ya nchi nzima. Usinifanyie hivi. Miaka mitatu, Pini. Nilikuwa nakuja kukuona mvua inanyesha. Unakumbuka?"

"Nakumbuka."

"Basi huwezi kuvunja yote kwa karatasi moja."

Pini alikumbuka mvua, koti lililolowa, jinsi alivyolianika karakana juu ya mbao za fremu. Moyo ulimpiga kweli, hatuwezi kudanganya. Kama angesema jambo moja la kwake mwenyewe, hata la kijinga, hata lenye kigugumizi, hatujui ingekuwaje. Mtangazaji aliliona lile jicho linalegea. Akavuta pumzi, akaishusha sauti mpaka pale inapokuwa tamu kabisa, pale wasikilizaji wanapoacha wanachokifanya, akasema:

"Nakupenda."

Pini aliutazama ule mdomo ukijifunga baada ya neno, umelowa, umetulia, unasubiri.

"Na hilo," akamuuliza, "umelichukua kwa nani?"